Bwana Afya Anajibu: Mbu wa mlimani, dagaa waliopungua na khanga ya kuchujia maji

Tangu mvua zianze simu yangu haipumziki, na nusu ya ujumbe unaishia kwenye neno moja: tabianchi. Mtoto ana homa, tabianchi. Dagaa hakuna, tabianchi. Kuna bwana mmoja wa Mwanga ameniuliza kama tabianchi ndiyo iliyomfanya mkwewe awe mkali, huyo simjibu. Wengine nimewachagua hapa chini, na mniwie radhi nimeyafupisha maneno yenu. Halafu ninyi mnaoniita daktari: mimi ni bwana afya mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kupima visima na kukagua vyoo.

Shikamoo mzee. Bibi yangu anasema enzi zake huku juu watu walilala bila chandarua, mbu wa malaria walikuwa wa Ujiji huko chini. Wanangu wanaugua kila mwaka. Ni kweli joto limewapandisha mbu mlimani? (Mama Neema, Manyovu)

Marahaba mwanangu. Bibi anakumbuka jambo la kweli, ila huenda mbu walikuwapo hata wakati wake. Kilichokuwa hakifiki ni kimelea cha malaria.

Mbu jike akimnyonya mgonjwa hawezi kukuambukiza kesho yake. Kimelea lazima kwanza kikue tumboni mwa mbu, kisha kisafiri hadi kwenye mate yake, na kasi ya safari hiyo inapangwa na joto. Kwenye nyuzi 25 kimelea cha malaria yetu kali huchukua kama siku 12. Shusha joto hadi nyuzi 20, zinakuwa wiki nne hivi. Kwenye nyuzi 18 ni karibu miezi miwili, na chini ya 16 hakikui kabisa. Sasa jiulize mbu anaishi siku ngapi. Wengi hawafikishi mwezi. Kwa hiyo mahali pa baridi mbu anakufa akiwa amebeba kimelea kichanga kisicho na madhara. Ongeza nyuzi mbili tu kwenye mlima wa namna hiyo, na mbu yule yule, bila kuongezeka hata mmoja, anaanza kuishi muda wa kutosha kuambukiza. Ndiyo maana watafiti wa malaria hutazama milima kuliko mabonde. Chini hapa Ujiji joto lilishatosha tangu zamani, nyuzi moja zaidi haibadilishi mengi.

Lakini usinifunge na jibu hilo. Tembea kijijini kwako uhesabu mashimo ya matofali yaliyojaa maji. Uangalie bonde lililolimwa mboga, ambalo zamani lilikuwa na matete na kivuli. Uliza ni wangapi hushuka mjini kila wiki, wakalala, wakarudi na vimelea damuni. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma ana malaria. Ule wa 2022 ukakuta Tabora ndiyo inayoongoza, asilimia 23, wakati nchi nzima ni asilimia 8. Katika miaka mitano joto halikuhama Kigoma likaenda Tabora. Vitu vingine vilibadilika: vyandarua, dawa, upimaji. Na kati ya 2000 na 2015, miaka ambayo dunia ilizidi kupata joto, malaria barani Afrika ilipungua sana, na watafiti waliopiga hesabu walisema zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa waliookolewa waliokolewa na chandarua. Chomekea chako chini ya godoro leo. Bibi naye apewe.

Mzee, sisi wa Kibirizi tulifungiwa Ziwa Tanganyika, tukaambiwa tumevua kupita kiasi. Wengine wanasema dagaa wamepotezwa na joto. Nani mkweli? Na wewe mtu wa afya inakuhusu nini? (Mvuvi)

Wote wawili wana ukweli, kijana wangu, na hilo ndilo linalowaudhi wote wawili.

Tazama mchuzi wa mama yako ukipoa: mawese yanakaa juu, hayachanganyiki mpaka mtu akoroge. Tanganyika liko hivyo. Lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani, na maji ya juu yenye joto ni mepesi, yanaelea juu ya maji baridi mazito. Chakula kingi cha ziwa, yaani mbolea itokanayo na viumbe waliokufa na kuzama, kiko chini, ambako hata hewa ya oksijeni haifiki. Mwiko wa kukoroga ni kusi, upepo wa Mei hadi Septemba, unaosukuma maji ya juu kuja kaskazini na kuyapandisha yale ya chini upande wa kusini. Juu pakizidi kuwa na joto, mchuzi unakuwa mgumu kukoroga. Mwaka 2003 watafiti, miongoni mwao Catherine O'Reilly, walichapisha hesabu kwamba uzalishaji wa vijani vya majini ulikuwa umeshuka kama asilimia 20, na kwa samaki hiyo ingeweza kuwa pungufu ya kama asilimia 30. Mwaka 2016 wengine walichimba tope la chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka, wakaona upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Hapo najua umeshatabasamu. Ngoja. Ukiwa na akaunti inayoingiza kidogo kuliko zamani, utatoa kiasi kile kile? Kufunga ziwa miezi mitatu kama 2024 hakupunguzi joto hata chembe, lakini kunampa dagaa aliyebaki nafasi ya kuzaa. Kosa ninaloliona mimi liko kwingine: kumfungia mtu ziwa bila kumwambia watoto wake watakula nini katika miezi hiyo mitatu.

Na hapo ndipo ninapohusika. Samaki wa ziwa hili wamekadiriwa kutoa asilimia 25 hadi 40 ya protini ya wanyama wanayokula watu wa nchi zinazolizunguka. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata chokaa, madini ya chuma na protini kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Dagaa akipanda bei hakuna anayekufa siku hiyo. Sahani inabaki ugali na sombe (kisamvu), ya kesho hivyo hivyo, na mwaka unaofuata mtoto anapimwa urefu kliniki, mama anaambiwa amedumaa. Hilo haliandikwi popote kama ugonjwa wa tabianchi.

Asalaam aleikum Bwana Afya. Nachota maji ziwani, nayachuja kwa khanga. Jirani ananicheka, anasema kipindupindu hakichujwi kwa nguo. (Mama Zuhura, Ujiji)

Waaleikum salaam. Mwambie jirani acheke taratibu.

Vijidudu vya kipindupindu haviishi tumboni mwa mtu peke yake. Hujishikiza pia kwenye wadudu wadogo mno wanaoelea majini, wale wale anaowala dagaa. Maji yakipata joto na mbolea, vijani huongezeka, wadudu wanaovila huongezeka, na abiria wao pamoja nao. Mtafiti wa Marekani, Rita Colwell, alilifuatilia jambo hili miaka mingi kwenye Ghuba ya Bengal. Kikosi chake kikawafundisha wanawake wa Bangladesh kuchujia maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi. Matokeo ya utafiti huo uliohusu vijiji 65 yalitoka 2003: waliochuja walipata kipindupindu pungufu kwa asilimia 48. Kuukuu ndiyo siri yenyewe. Pamba iliyofuliwa mara nyingi nyuzi zake hulegea na kutuna, matundu yakazibana. Kwa hiyo khanga yako ya zamani ya pamba ni bora kuliko kitenge kipya cha dukani.

Sasa jirani naye nimpe haki yake. Asilimia 48 si 100. Kijidudu kilichojitenga na mdudu wake kinapita kwenye nguo kama mtu anayepita mlangoni. Chuja, halafu chemsha mpaka maji yatokote, au tia dawa ya klorini. Usiruke kuchuja ukakimbilia klorini, maana maji yenye tope huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Na khanga ya kuchujia isiwe ile ya kumfungia mtoto mgongoni. Nimeyaona hayo, usinibishie.

Mvua nazo zina sehemu yake. Utafiti uliotoka 2017 ulikadiria kuwa miaka ya El Niño Afrika Mashariki hupata wagonjwa wa kipindupindu kama 50,000 zaidi. Ila sisi wa Kigoma tuna kumbukumbu nyingine. Mei 2015 kipindupindu kilipolipuka kijijini Kagunga, hatukuhitaji El Niño. Maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamebanana kwenye ufuko mwembamba kati ya mlima na maji, bila vyoo, wakisubiri meli ya Liemba iwachukue. Ziwa lilikuwa lile lile la mwaka uliotangulia.

Anayeharisha mnyweshe mapema: maji salama lita moja, sukari vijiko vya chai sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko. Huku anakunywa, mpelekeni kituoni.

Nikichuma tumbaku asubuhi yenye umande, hadi jioni nina kizunguzungu, natapika, kichwa kinagonga. Nimepima malaria mara tatu, sina. Mume wangu anasema ni jua. (Mkulima, Urambo)

Dada, mimi naona wa kulaumiwa ni umande kuliko jua. Nikotini, sumu ya tumbaku iliyo kwenye jani bichi, huyeyuka majini, na nguo ikilowa inakushikia sumu hiyo mwilini asubuhi nzima, ngozi ikinywa. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1970 kwa wachumaji wa Florida, Marekani, na kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya siku moja au mbili. Unafanana mno na kupigwa na jua, na hata na malaria inayoanza, ndiyo maana watu hunywa dawa zisizo zao. Subiri majani yakauke ndipo uchume. Nguo iliyolowa ivuliwe mara moja, oga kwa sabuni. Wengine hushauri koti la plastiki. Sawa kwa saa za alfajiri, lakini ukilivaa hadi saa sita jua la Urambo litakupika ndani yake, na hapo mumeo atakuwa amesema kweli. Kama una mimba au unanyonyesha, uchumaji huo waachie wengine.

Ni kweli mjamzito akilima juani mtoto tumboni anaumia? (Nzega)

Gambia walipima. Wanawake wajawazito 92, wakulima wa jembe la mkono, walifuatwa shambani kwao, na matokeo yalitoka 2022: kila nyuzi moja ya mzigo wa joto ilipoongezeka, uwezekano wa mtoto kuonyesha dalili za kulemewa, kama moyo kwenda mbio, ulipanda kwa asilimia 17. Mzigo wa joto unahesabu jua, unyevu na upepo pia, si joto la kipimajoto tu. Limeni alfajiri. Na shemeji zangu wa Nzega, jembe hilo hata ninyi mnaweza kulishika.

Mimi mrina asali. Ndorobo (mbung'o) huku porini walikuwa hawakupi nafasi ya kupumua, sasa naona kama wamepungua. Joto linawaua? (Kaliua)

Inawezekana, na wewe ni shahidi mzuri kuliko mimi ninayekaa mjini. Zimbabwe, kwenye bonde la Zambezi, kuna kituo kilichohesabu ndorobo miaka mingi sehemu ile ile ya hifadhi, ambako hakuna aliyekata miti wala kupuliza dawa. Tangu 1975 joto lilipanda karibu nyuzi moja, na mwezi Novemba, ambao ndio mkali, kama nyuzi mbili. Ndorobo walioshikwa kwa makumi kwa ng'ombe mmoja mwaka 1990 walikuwa karibu wameisha kufikia 2017. Watafiti wale wale wakaonya kwamba sehemu za juu zilizokuwa na baridi mno kwa ndorobo zinaweza sasa kumfaa. Kwa Kaliua kuna jambo la kuongeza ambalo Zambezi halikuwapo: miti. Ndorobo anataka kivuli na wanyama, na misitu yenu imeliwa na mashamba, mkaa na kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Akipungua kwa sababu hiyo, nyuki nao hawako mbali. Malale anayoyaeneza ndorobo bado yapo, usivae nguo ya buluu iliyokolea wala nyeusi, maana humvuta. Homa isiyoisha baada ya kuumwa na ndorobo itaje hivyo hivyo hospitali, taja na pori ulilotoka.

Babu, Juni na Julai huku kuna baridi, tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Bibi anasema moshi ukishaisha halina shida. (Mwanafunzi, Kasulu)

Mjukuu wangu, ungeniandikia hili kabla ya wote ningelijibu kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wengi wao polepole, kwa mapafu na moyo. Mkaa mwekundu usio na moshi una haraka zaidi. Unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, na mtu anayelala hasikii chochote. Mkiamka nyumba nzima vichwa vinauma, hiyo si baridi. Toa jiko nje usiku huu huu, ongezeni blanketi, na bibi umpe shikamoo yangu.