Miwani ya uhalisia pepe: ijaribu kabla ya kuinunua

Ndugu, umeuliza kama inafaa kununua miwani ya michezo ya uhalisia pepe, yaani ile inayofunika macho na kukuonyesha ulimwengu wa kompyuta unaokuzunguka, kwa ajili ya sebule yako, ilhali tayari unayo mashine ya michezo ya PlayStation 5. Kwa maoni yangu inafaa, ila pima nafasi kabla ya kuhesabu fedha, kwa sababu michezo ya kusimama na kurusha mikono huhitaji eneo tupu la takribani mita 2 kwa 2, na meza ya kioo iliyo karibu inaweza kukuumiza vibaya. Miwani ya PlayStation VR2, iliyotoka Februari 2023, huunganishwa na mashine yako kwa waya. Miwani ya Meta Quest 3S ya mwaka 2024 hujitegemea bila kuhitaji mashine nyingine, nami ningeichagua hiyo, kwa kuwa utaweza kuihamishia chumba chochote.

Jambo linalonihangaisha zaidi ni kichefuchefu: macho huona mwendo ambao sikio la ndani halihisi, na wapo watu wasiozoea kabisa hali hiyo. Tafadhali azima ya rafiki, uicheze kwa dakika 20 kabla ya kulipa. Ukishainunua, usiiache dirishani, maana jua likipenya kwenye lenzi huunguza skrini.