Jibu: Ningezuia ile ajali, ningebaki kuwa mimi?

Habari ndugu, na pole sana. Umeuliza: ungerudi nyuma ukazuia ajali iliyomuua kaka yako ulipokuwa mtoto, je, ambaye angekua hadi leo angekuwa wewe, au ungekuwa umejifuta? Pia ulitaja watoto wako, na hatia unayoihisi kwa kutamani hivyo.

Kwanza angalia tukio lilitokea kabla au baada ya mimba yako kutungwa. Wazazi wakicheleweshwa hata kidogo, mbegu nyingine ingelirutubisha yai na angezaliwa mtu mwingine. Mwanafalsafa Derek Parfit aliliandika hili mwaka 1984. Ajali yako ilikuja baadaye. Kwangu mimi, huyo bado ni wewe, ila amepita njia nyingine.

Lakini watoto uliowataja wanaangukia upande wa pili, kwa kuwa ajali ilitokea kabla ya mimba zao. Maisha yako yangebadilika, na karibu hakika wangezaliwa wengine. Nadhani hapa ndipo ulipokwama, si kwenye nafsi yako.

Kuna na kumbukumbu, ambayo mwanafalsafa John Locke aliifanya msingi wa mtu kubaki yule yule. Nilimpoteza baba nikiwa mdogo, na mpaka leo simu ikilia usiku naipokea kabla haijaita mara ya pili. Baba angeishi, tabia hiyo isingekuwepo, na yule mimi ambaye angeishi naye asingejua kamwe kwamba kuna mtu alimlilia. Hilo linaniuma. Bado ningemrudisha.

Hatia uliyoandika, iweke kando. Kutamani kaka asingekufa si kuwakataa wanao. Unawapenda wote, na hakuna anayekudai uchague.