Ukitaka kukusanya katuni za zamani, anza na hizi zetu

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu kukusanya katuni za zamani huwa wanaanza na swali la hela, na nawaelewa kabisa, maana habari zinazotufikia huku ni zile za minada ya Marekani tu. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ile ambayo Superman alitokea kwa mara ya kwanza, ilipotoka iliuzwa senti 10, halafu mwaka 2024 nakala yake moja ikapigwa mnada kwa dola milioni 6. Mtu akishasoma hivyo anataka aingie eBay usiku huohuo. Ushauri wangu mimi uko tofauti na nausimamia: kusanya katuni ulizokua nazo, hizi za Kiswahili ambazo karibu hakuna anayezitunza, na ndani ya hizo weka nguvu yako kubwa kwenye michoro orijino, yaani ile karatasi yenyewe ambayo mchoraji aliiinamia na wino wake.

Kwa nini zetu? Kwanza unazijua. Ukionyeshwa ukurasa wa Sani, lile jarida letu la katuni, huhitaji mtu akueleze Ndumilakuwili ni mtu wa aina gani au Lodi Lofa anatafuta nini, unamcheka kabla hujasoma maneno. Ukinunua kitu usichokijua utategemea macho ya wengine kila siku, utaambiwa hii ni adimu na utakubali. Pili, zetu ziko hatarini kweli. Gazeti la katuni lilikuwa linanunuliwa na mmoja linasomwa na mtaa mzima, linakaa kwa kinyozi linachakaa, kava linang'olewa linajalidia daftari la shule, kurasa za katikati zinabandikwa ukutani, zinazobaki zinauzwa kwa kilo zinaenda kufungia karanga. Halafu unakuta mtu anakwambia hizo zilichapwa nyingi bwana, zimejaa. Zilichapwa nyingi ndiyo, sasa ziko wapi?

Na tunaongelea kazi za watu wakubwa hapa. Sani ilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na mchoraji aliyeipa uhai ule tunaoukumbuka alikuwa Philip Ndunguru, ambaye alifariki mwaka 1986 bado kijana kabisa. Wengine waliendelea kuwachora wale wahusika baada yake, na wapo waliowachora vizuri sana, ila mkono wa Ndunguru mwenyewe ni wa miaka michache tu na hautaongezeka hata mstari mmoja. Rudi nyuma zaidi utamkuta Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, utazikuta hadithi za picha za Film Tanzania ya Faraji Katalambulla, utamkuta Lance Spearman, yule mpelelezi wa hadithi za picha, ambaye baba zetu walimjua vizuri kuliko hao mashujaa wa Marekani. Kenya kuna Juha Kalulu wa Edward Gitau aliyesomwa kwenye Taifa Leo na vizazi na vizazi, na kuna jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililotoka kuanzia 1973 mpaka 1979. Ukichagua hata kimoja tu kati ya hivyo ukasema nitakikusanya hiki, una kazi ya maisha, na ndivyo ninavyoshauri, chagua kimoja, usiokote kila kitu kinachopita.

Kutafuta ni miguu na uvumilivu. Wauza vitabu wa chini pale Posta Dar, na Nairobi wale wa inama, wana macho makali sana, ukiwaambia unachotafuta na ukawaachia namba watakupigia, lakini wakikupigia nenda, hata kama ni toleo ambalo tayari unalo, maana ukimkatisha tamaa mara mbili hatakukumbuka tena. Lipa zaidi ya bei ya kilo. Yule anayempelekea muuza karanga na wewe mnagombea karatasi ileile, na ukilipa vizuri habari inasambaa kwamba kuna mtu ananunua hizi takataka. Ila mali nzuri kabisa sijaikuta barabarani, imetoka majumbani, hasa kwa walimu wastaafu wa mikoani, watu ambao hawatupi kitu kilichoandikwa. Mtu anahama, mtu anafanya usafi baada ya msiba, ndugu wanataka kuchoma makaratasi ya mzee, hapo ndipo unatakiwa uwe unajulikana ukoo mzima kwamba wewe ndiye wa magazeti ya zamani.

Kuhusu hali ya gazeti, Wamarekani wana kampuni ya CGC toka mwaka 2000, wanakipa kitabu alama mpaka 10 halafu wanakifungia ndani ya plastiki ngumu. Sisi hatuna hiyo na wala siililii, gazeti ni la kusomwa. Mimi naangalia vitu vichache, kava lipo, kurasa zote zipo, hazijakatwa na mkasi, na pini za stepla hazijaoza kwa kutu mpaka zikala karatasi. Kalamu ya mwenye nalo aliyeandika jina lake na mwaka hainisumbui, naipenda kabisa, maana inaniambia lilisomwa wapi.

Sasa tuje kwenye orijino, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Gazeti hata likiwa adimu vipi, inawezekana kuna lingine kwenye sanduku fulani Tabora. Ukurasa uliochorwa kwa mkono upo mmoja duniani, ukiungua umeungua. Wenzetu walichelewa kulielewa hili. Kule Marekani kampuni kubwa za katuni zilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao miaka ya 1970, kabla ya hapo zilikuwa zinatupwa, zinagawiwa wageni, zinapotea tu stoo, na hata Jack Kirby, mtu aliyechora nusu ya mashujaa wanaojulikana leo, alipambana miaka mingi mpaka 1987 ndio akarudishiwa sehemu ya kazi zake. Leo ukurasa mmoja, narudia ukurasa mmoja, wa Secret Wars namba 8 uliochorwa na Mike Zeck, umeuzwa dola milioni 3.36 mwaka 2022, wakati gazeti lenyewe lililochapwa lenye ukurasa huohuo unaweza kulipata kwa hela ya kawaida. Na mchoro wa kava wa Le Lotus bleu, kitabu cha Tintin, ambao Hergé aliuchora 1936 na haukutumika kwa sababu kuuchapa kungekuwa ghali, uliuzwa Paris mwaka 2021 kwa zaidi ya euro milioni 3, na una mistari ya kukunjwa inaonekana waziwazi. Sikutajii hizi ili uote utajiri, nakutajia ili ujue kwamba zile bahasha za kaki zilizo juu ya kabati la mchoraji mzee wa Temeke zina kitu cha namna hiyohiyo, ila hakuna aliyezifungua.

Kuitambua orijino sio ngumu ukishaishika mkononi. Mara nyingi ni kubwa kuliko ilivyotoka gazetini, kwa sababu walikuwa wanachora kubwa halafu inapunguzwa wakati wa kupigwa picha ya sahani ya kuchapia. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, utaona wino mweusi haujalala sawa, pale penye weusi mwingi kuna alama za brashi, utaona penseli chini ambayo haikufutika vizuri, utaona rangi nyeupe ya kufutia makosa imetuna kidogo, maneno mengine yamekatwa yakabandikwa kwa gundi, na pembeni kuna maandishi ya mhariri, ukubwa, tarehe, ukurasa wa ngapi. Hayo maandishi ya pembeni usiyakate hata kama fremu haitoshi, ndio cheti chake cha kuzaliwa. Fotokopi ni laini, weusi wake unang'aa sawasawa kila mahali. Na ukiuziwa mchoro wa siku hizi uliza kwanza, wachoraji wengi sasa wanachorea kwenye tableti, hapo hakuna orijino ya karatasi, kuna chapisho lenye saini, ni kitu kizuri tu lakini bei yake isiwe ya orijino.

Nunua kwa mchoraji mwenyewe au kwa familia yake, nasisitiza sana. Wachoraji wetu wengi wa magazeti hawakurudishiwa michoro, ofisi ikihama inabaki huko inatupwa, kwa hiyo hata alichonacho ni kile alichokificha au kilichokataliwa. Ukienda kwake nenda kama mgeni wa mtu mzima. Shikamoo mzee, kaa, kunywa chai, muulize alijifunzia wapi, alikuwa anatumia nibu gani, nani alimwandikia hadithi, mwache aongee. Mzee mmoja nilikaa naye mchana mzima tunaongelea brashi tu, jioni ndipo akamwambia mjukuu, hebu lete ile bahasha. Na ukifika kwenye bei usimlalie. Hana soko la kulinganishia, atakutajia kiasi kidogo kwa aibu, na hapo wewe ndiye unayejua, kwa hiyo ongeza wewe. Mimi naona kumpunja mchoraji wa katuni wa nchi hii ambaye tayari alilipwa kiduchu wakati anachekesha taifa zima ni jambo baya, sina lugha laini ya kulisemea.

Andikeni karatasi ya mauziano, mnunuzi, muuzaji, mchoro upi, lini, shilingi ngapi, wote mnasaini. Na elewa kwamba umenunua karatasi, hujanunua hakimiliki. Haki ya kuchapa ule mchoro kwenye fulana au kalenda inabaki kwa mwenye hakimiliki mpaka mkubaliane vingine kwa maandishi, sasa usije ukaanza biashara ya vikombe halafu ukashangaa kuitwa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Zile stori alizokupa ziandike siku hiyohiyo, kwenye karatasi ya pembeni, sio nyuma ya mchoro kwa bikpeni.

Utunzaji kwa sisi wa pwani ni vita kweli. Karatasi ya magazeti ni ya bei rahisi, ina asidi na ina lignini ya mti, ikikutana na jua inageuka njano halafu inavunjika, ikikutana na unyevunyevu wa Dar au Tanga inaota ukungu. Kwa hiyo usiweke kwenye ukuta wa nje, usiweke chini sakafuni kwa sababu ya mchwa na mafuriko, weka rafu ya juu kwenye ukuta wa ndani, chumba kinachopitisha hewa. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vinasaidia kunyonya unyevu ila ubadilishe. Mifuko ya plastiki laini inayonuka kemikali achana nayo kabisa, hiyo inashikana na wino baada ya muda, tafuta ile migumu kidogo isiyo na harufu, na ukiweza agiza kadi zisizo na asidi za kuwekea nyuma. Fungua maboksi yako mara kwa mara, wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu wanapenda mahali pasipoguswa.

Selotepu hapana. Steshenari wakikwambia tukulaminishie mzee itadumu, kimbia, ule moto na ile gundi havitoki tena milele. Wino mweusi wa kuchorea ule wa kaboni ni mgumu sana haupauki, lakini makapeni za rangi zinapauka haraka, kwa hiyo mchoro wa rangi za makapeni usiutundike sebuleni penye jua, skani utundike nakala, orijino ilale gizani.

Na skani kila kitu, vizuri, hata kama ni simu yenye kamera nzuri kwenye mwanga wa kivuli, halafu tunza nakala sehemu mbili. Weka daftari la orodha, na waambie nyumbani. Mkeo au mumeo, watoto, dada anayesaidia kazi, wote wajue lile boksi sio la kuwashia mkaa, na mmoja wao ajue nani apigiwe simu kama wewe hupo.

Mimi kwa sasa natafuta Film Tanzania, toleo lolote lenye kava, hata kama limeliwa pembeni. Kama unalo mara mbili nina Sani za kubadilishana, na kama unalo moja tu naomba uniruhusu niskani, nakuja kuliskani hapohapo nyumbani kwako na sitoki nalo.