Mwanao anasahau dawa ya pumu? Jaribu ujumbe wa simu

Dada, umeuliza kama ujumbe wa simu utamsaidia mwanao wa miaka 15 anayesahau dawa ya pumu. Unasaidia, ila mwache achague mwenyewe saa na maneno. Akiuona ni amri ya mama, ataufuta bila kuusoma. Uingie kabla tu hajapiga mswaki, kwani akishavuta dawa ya kuzuia yenye steroidi (kiungo cha kupunguza uvimbe) lazima asukutue mdomo. Maneno yabadilike mara kwa mara, maana jicho huzoea.

Zaidi ya yote, aelewe kwa nini anavuta dawa hiyo ya kuzuia hata akijisikia mzima: hupunguza uvimbe wa njia za hewa polepole, siku hadi siku. Ile ya kutuliza shambulio akiihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, mpeleke kwa daktari.