Flashi ya Windows 11 isiyoonekana kwenye HP

Ndugu yangu wa Uyole, umesema flashi ya kuwekea Windows 11 inaiwasha vizuri kompyuta ya zamani ya shemeji yako, ila kwenye HP yako haionekani kabisa. Basi flashi si mbovu. Nahisi uliitengeneza kwa MBR, mpangilio wa zamani wa diski, ambao mashine ya zamani inauelewa. HP yako inatumia UEFI, yaani mfumo mpya wa kuwashia mashine, na Windows 11 yenyewe inaitaka hiyo UEFI. Fungua tena Rufus, ile programu ya kutengenezea flashi, chagua GPT, mpangilio mpya unaoendana na UEFI, mfumo wa mafaili uache kama programu itakavyopendekeza. Ukilazimisha FAT32, mfumo wa mafaili wa zamani, faili la install.wim lenye Windows yenyewe likizidi GB 4 halitaingia. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na kila kilichomo kitafutika, kwa hiyo hamisha picha za send-off kwanza.

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku unagonga Esc, kisha F9, upate orodha ya kuchagua flashi. Dell na Lenovo nyingi ni F12.

Lakini ngoja. Unataka kupandisha Windows 10 na mafaili yako yabaki? Basi huhitaji kuwasha mashine kutoka kwenye flashi hata kidogo! Washa Windows yako kama kawaida, fungua flashi, bofya setup. Ukiwasha kutoka kwenye flashi utapata usakinishaji mpya, programu zako zote kwaheri, na hapo ndipo watu hulia. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Umeme wa huku kwetu mvua ikianza unaujua.