Dohani ya nne ilikuwa ya nini? Maswali yenu kuhusu meli za abiria

Barua za safari hii zimejaa maji ya chumvi. Zile zinazouliza kama mizimu ya Titanic bado inaonekana nimeziweka kando, mnisamehe. Hizi hapa zenye nyama.

Mwalimu wetu alitufundisha kuwa meli ya kwanza kuvuka Atlantiki kwa mvuke ni Savannah. Jirani yangu anabisha, anasema ni Sirius. Nani mkweli?

Inategemea mnabishania nini. Savannah ilivuka mwaka 1819 kutoka Marekani hadi Liverpool kwa siku 29, lakini injini yake ilifanya kazi kama saa 80 tu. Siku nyingine zote ilikwenda kwa matanga. Haikubeba hata abiria mmoja, kwa sababu hakuna aliyekubali kulipa nauli ili alale juu ya tanuri linalowaka. Ilipokaribia Ireland, chombo cha Waingereza kiliona moshi, kikadhani kuna meli inaungua, kikaifukuza ili kikaokoe watu.

Mwaka 1833 Royal William ikatoka Kanada kwenda Uingereza kwa mvuke karibu njia nzima, ila mara kwa mara ilibidi isimamishe injini ili chumvi ikwanguliwe kwenye matangi ya kuchemshia maji. Sirius yenyewe iliondoka Cork, Ireland, tarehe 4 Aprili 1838 na kufika New York tarehe 22. Kwa hiyo nyote wawili mna haki kidogo, na nyote mmeisahau Royal William.

Mimi meli ninayoipenda katika kisa hiki ni iliyoshindwa. Great Western iliingia New York kesho yake, baada ya siku 15 tu baharini dhidi ya 18 za Sirius. Ilikuwa na abiria saba. Wengine kama hamsini walikuwa wamefuta safari baada ya moto kuzuka ndani yake kabla haijaanza safari. Lakini ilipotia nanga ilikuwa bado na karibu tani 200 za makaa ya mawe, na hapo ndipo penye jambo. Wapo wataalamu waliokuwa wakisema meli ya mvuke haiwezi kuvuka bahari kubwa, kwa kuwa kadiri unavyoikuza ndivyo inavyokula makaa zaidi. Mhandisi wake, Isambard Kingdom Brunel, aliona kosa la hesabu hiyo. Chukua sanduku, uzidishe mara mbili urefu, upana na kina chake. Nafasi ya ndani inakuwa mara nane, ila maji yanayokinzana nalo huongezeka kama mara nne tu. Maana yake meli kubwa hubeba makaa ya kutosha safari na nafasi bado inabaki. Majumba yote yaliyoelea baadaye yalitokana na hesabu hiyo ya sanduku.

Zamani abiria alijuaje meli inaondoka lini?

Hakujua. Nahodha alisubiri shehena ijae, kisha asubiri upepo, na abiria alikula akiba yake bandarini wiki hata mbili. Mabadiliko yalikuja tarehe 5 Januari 1818, meli ya matanga James Monroe ilipong'oa nanga New York kwenda Liverpool siku ileile iliyotangazwa, theluji ikianguka, ikiwa na abiria wanane tu. Kampuni yake, Black Ball, iliahidi kuondoka kwa tarehe, mzigo umejaa au haukujaa.

Kwenye picha nyingi za meli za kale naona dohani nne. Je, kweli zilihitajika?

Kuna zilizohitajika na kuna za mapambo. Kaiser Wilhelm der Grosse ya Wajerumani ilianza mtindo huo mwaka 1897, na watu wakazoea kupima nguvu ya meli kwa kuhesabu dohani. Mauretania ya mwaka 1907 ilitoa moshi kwa zote nne. Titanic ilihitaji tatu. Ya nne ilitumika hasa kutoa hewa chafu, na ingekosekana meli ingetembea vilevile. Ila ingeonekana ndogo, na meli ndogo haiuzi tiketi.

Chini ya dohani hizo walikuwepo watu ambao hawakupigwa picha. Titanic ilikuwa na matanuri 159 ya kulishwa kwa koleo, usiku na mchana. Kulikuwa na wachochezi wa moto, na kulikuwa na makuli wa makaa waliosukuma matoroli gizani kutoka ghalani, wakihakikisha mzigo unapungua sawasawa pande zote, la sivyo meli ingelala upande. Kazi hiyo ilipungua sana meli zilipohamia mafuta miaka ya 1920.

Babu wa mume wangu alihamia Marekani kwa daraja la tatu. Waliishije humo chini?

Dada yangu, inategemea alisafiri mwaka gani, na tofauti yake ni kubwa mno.

Kama ni katikati ya karne ya 19 kwa meli ya matanga, alilala kwenye kitanda cha mbao cha kama mita 1.8 kwa 1.8, akibanana na wenzake watatu, huenda asiowajua. Alibeba sehemu ya chakula chake na kupanga foleni kupika juu ya sitaha. Tufani likija, milango ya sitaha hufungwa, moto huzimwa, watu hukaa gizani na ndoo zao, siku mbili, tatu. Safari ilichukua wiki tano au zaidi. Mwaka 1847, Waayalandi walipokuwa wakikimbia njaa, homa kali inayoenezwa na chawa (tifasi) iliwamaliza ndani ya meli hizo, na katika kisiwa cha Grosse Île, karibu na Quebec, walizikwa zaidi ya watu 5,000.

Kama ni miaka ya 1910, alikuwa na kitanda chake katika chumba chenye mlango, na chakula kilichopikwa na wapishi wa meli. Hata hivyo Titanic ilikuwa na mabafu mawili ya kuogea kwa abiria zaidi ya 700 wa daraja hilo.

Alipofika New York, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa melini wakashuka zao. Yeye alipelekwa Ellis Island akapimwe macho na kuhojiwa. Kituo hicho, kati ya 1892 na 1954, kilipitisha watu kama milioni 12. Matajiri wenye kofia ndefu walipamba matangazo, lakini nauli za hawa wa chini zilichangia pakubwa kuendesha meli hizo. Ndiyo maana Marekani ilipobana uhamiaji mwaka 1924, makampuni yalikimbilia kupaka rangi vyumba vilevile na kuviita daraja la kitalii.

Ni kweli Titanic ilivunja sheria kwa kubeba maboti machache ya kuokolea?

Hapana, na hilo ndilo linalouma. Sheria ya Uingereza ilipanga idadi ya maboti kwa tani za meli, na jedwali lake liliishia kwenye tani 10,000 na kuendelea: maboti 16. Titanic ilikuwa na tani 46,328 na maboti 20, yaani ilizidisha. Maboti hayo yalitosha watu 1,178, na meli ilikuwa na zaidi ya 2,200. Boti la kwanza lilishushwa na watu wasiozidi thelathini wakati lilitosha 65.

Meli hizi ziliisha kwa nini?

Ndege. Mwaka 1952 meli United States ilivuka Atlantiki kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, mwendo wa karibu kilomita 66 kwa saa. Miaka sita baadaye jeti zikaanza kuvuka bahari hiyohiyo kwa saa chache. Ilistaafishwa mwaka 1969. Tangu 1996 ilifungwa gatini Philadelphia, rangi ikibanduka, hadi Februari 2025 ilipovutwa kwa kamba kupelekwa kusini ili iandaliwe kuzamishwa, iwe makao ya samaki. Dohani zake mbili zilipangwa zibaki nchi kavu, kwenye makumbusho.