Kifaransa 2 au 3 ukihamia shule mpya: yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu nimesoma swali lako mara mbili. Umemaliza Kifaransa 2 huko Texas na A yako, mzee kahamishwa kazi mmehamia California, unaingia grade ya 10, na kaunsela (mshauri wa wanafunzi shuleni) anakwambia chagua mwenyewe, urudie Kifaransa 2 au upande Kifaransa 3. Kurudia unaona unapoteza mwaka, kupanda unaogopa kuzama. Naomba nikujibu kwa urefu maana hii ishu ilinikuta mwenyewe na hakuna mtu aliyenieleza mapema.

Mimi nilikua Ohio, mama akapata kazi Minnesota tukahama naingia grade ya 11. Ile shule ya Ohio walikua na vipindi virefu vya dakika 90 kila siku, somo la mwaka mzima mnalimaliza nusu mwaka, kwahiyo Kifaransa 2 nilikimaliza Januari. Kuanzia hapo mpaka Agosti sijafungua daftari la Kifaransa hata siku moja. Septemba nafika shule mpya, kaunsela kafungua transkripti (rekodi ya masomo na alama zangu) kaona Kifaransa 2 ina A, kaniweka Kifaransa 3, dakika tano hazikuisha. Hakuniuliza mara ya mwisho kusoma ilikua lini na mimi sikujua kama hilo ni jambo la kusema.

Siku ya kwanza madam akatwambia tuandike nusu ukurasa kuhusu likizo. Wenzangu wote wameinama wanaandika. Mimi nikaandika "Je suis allé chez ma tante" nikakwama hapo hapo. Nilitaka kusema kulikua na joto na kila jioni tulikua tunakaa nje na binamu zangu, sasa hiyo "tulikua tunakaa" kwa Kifaransa inataka imparfait (wakati uliopita wa jambo lililokua linaendelea au la mazoea), il faisait chaud, on restait dehors, na kule Ohio tuliishia sura ya sita ya kitabu, imparfait iko sura ya saba. Hawa wenzangu walishaimaliza mwaka uliopita na subjonctif (umbo la kitenzi la kutaka, kushuku na kadhalika) wanaianza kabla ya Krismasi. Karatasi yangu ilibaki na ule mstari mmoja mpaka kengele ikalia.

Sisi tuliotokea Bongo ndo tunaingia mkenge hapa kirahisi, maana tumezoea silabasi moja nchi nzima, kidato cha pili cha Mtwara na cha Mwanza wanafanya mtihani uleule wa NECTA, baraza la mitihani la taifa. Marekani hakuna kitu hicho, kila wilaya ya shule inapanga yake na mwalimu anafika anapofika. Kwahiyo ile namba 2 kwenye transkripti yako inaonyesha darasa ulilokaa, haionyeshi unachoweza kufanya leo ukipewa kalamu.

Sasa fanya hivi. Muandikie email mwalimu wa Kifaransa mwenyewe, sio kaunsela, muombe mtihani wa mwisho wa Kifaransa 2 wa shule yao, au akikataa akutajie kitabu chao na sura waliyoishia. Kaa nao mezani saa nzima bila daftari wala simu. Maswali ya kuchagua A B C D usiyaamini sana, hayo unaweza kubahatisha, nenda kwenye lile la kuandika. Kama unaweza kusimulia jambo la jana ukachanganya passé composé (wakati uliopita wa jambo lililoisha) na imparfait bila kubabaika, ingia 3 hata kama msamiati umepungua, maneno utayaokota njiani. Kama vitenzi être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda) na faire (kufanya) vya wakati uliopo tu vinakufanya usimame ufikirie, rudia 2, na usione aibu hata kidogo.

Na hapa una bahati ambayo wenzako wa darasani hawana. Mwalimu wangu alihangaika kuwafafanulia watoto wa Kimarekani tofauti ya zile nyakati mbili kwa sababu Kiingereza chao "we ate" inabeba zote. Sisi tunazo tayari. Tulikula, tulikua tunakula. Ukiona kichwani sentensi inakuja na "tulikua tuna" au "tulikua huwa tuna" andika imparfait, ikija na "tuli" tupu ya jambo lililoisha andika passé composé. Haitaingia kila mahali lakini mimi ilinibeba mwaka mzima.

Ukijikuta katikati, unajua baadhi hujui baadhi, ushauri wangu ingia 3, lakini kwanza uliza tarehe ya mwisho ya kubadilisha darasa uiandike mahali unapoiona. Mimi nilikaa kimya nikidhani nitazoea, zikapita wiki mbili mlango ukafungwa, nikabaki mle na D mpaka Oktoba. Aliyeniokoa ni yule madam, Jumanne na Alhamisi nilikua nabeba chakula changu nakwenda kukaa darasani kwake ananifundisha sura ya saba mpaka ya kumi, wiki sita. Nilimaliza na B. Hakulipwa kwa hilo na mpaka leo namuombea.

Kuna kaka mmoja Mkongo wa Bukavu tulikua tunaongea nae Kiswahili, yeye alikuja hana karatasi zozote za shule, wakamuweka Kifaransa 1, mtu anaongea Kifaransa kuliko wote mle ndani anahesabu un, deux, trois. Yule madam alipomsikia akampima akampeleka 4. Na huko napo alitaabika kuandika, anasikia "ils parlaient" anaandika "il parlé" kwa sababu masikioni karibu ni kitu kimoja. Ndo maana nasisitiza kuandika, mdomo unaweza kukutangulia mbali sana.

Kuhusu chuo, UC (University of California, vyuo vikuu vya jimbo lenu) wanataka levo mbili za lugha isiyo Kiingereza na wanashauri tatu, na wanachotazama ni levo uliyofika sio miaka uliyokaa, kwahiyo ukirudia 2 bado una mbili tu. Lakini wewe umesema ulimaliza la saba shule ya serikali Morogoro. UC wana kipengele kwamba ukisoma miaka miwili kuanzia grade ya sita kwenda juu kwenye shule inayofundisha kwa lugha nyingine, hilo hitaji umelitimiza. La sita na la saba umefundishwa kwa Kiswahili. Mpelekee kaunsela ripoti zako, muulize aingize vipi kwenye rekodi. Hilo likikaa sawa utachagua darasa kwa unachokijua, sio kwa hofu ya chuo.

Ukiingia 3 sasa, 4 mwakani, grade ya 12 unafika AP, darasa la levo ya chuo, kama shule yako wanayo.

Ukishaupata huo mtihani piga picha lile jibu la kuandika unitumie inbox, nitakutazamia vitenzi tu. Na niambie ratiba yenu inafungwa lini.